Ukurasa Wenye Nilishika ku Kichwa

Mama mwenye uko na mutoto finaliste, wa mwaka ya mwisho ya sekondari, mwenye kila siku anakuletea kaye, daftari yake, na kusema «Mama, unisikilize», kuna kitu kimoja nakuomba ufanye mbele ya kufungua ile kaye. Umuulize neno moja moja inasema nini, mu lugha yenye munasemea mukikula bukari. Asipojua, arudi kwa mwalimu aulize. Na kama unaona haya kuuliza, ujue mi pia niliona haya, na leo mu nyumba yetu hapa Kapata, mu Kolwezi, kuna kitanda kidogo chenye hatujue tukipeleke wapi.

Mi niliishia ku sixième primaire, mwaka ya sita. Kifaransa naweza kuisoma kwa sauti, polepole, bila kuruka herufi. Yenye iko ndani yake, mara mingi sishike kitu. Lakini kwa kusikiliza mutoto akiresite hauhitaji kuelewa. Unakaa na kaye ku magoti, kidole ku mustari. Mutoto anasimama mbele yako, mikono nyuma, anasema somo yake bila kuangalia. Akikosa neno, unapiga ulimi, «tss», anarudia kutoka mwanzo. Vile njo mama yangu alinifanyia, na vile njo nilimufanyia Ndaya, mutoto wetu wa kwanza, kutoka primaire mpaka alifika mwaka ya mwisho ya chimie-biologie.

Jirani wote walijua ukali yangu. Walikuwa wanasema kwa mama Ndaya hata virgule, kile kialama kidogo, hairukwe. Nilikuwa nasikia utamu.

Na haikuwa bule. Prof Stanislas, mwenye alikuwa anabafundisha biologie, alikuwa anatembea mbele ya tableau na kusoma maana ya maneno mu kaye yake ya zamani, batoto banaandika. Siku ya interro, mutihani ya mu kilasi, alitaka irudi vile ilitoka mu kinywa chake. Mara moja Ndaya alieleza photosynthèse na maneno yake mwenyewe, alipata mbili juu ya kumi. Aliniletea ile karatasi akilia. Nikamwambia: — Mwanangu, acha kujifanya mwenye akili. Rudisha yenye ulipewa.

Ile mwaka alikuwa na maneno zaidi ya mia. Osmose, enzyme, allèle, homozygote. Nilizishika na masikio sawa vile tunashika nyimbo za Kilatini ku misa, mutu anaimba mpaka machozi na hajue anaomba nini.

Mudogo wake, Marlène, alikuwa na miaka tisa. Mutoto mwembamba, kichwa kikubwa kidogo, mwenye maneno. Tangu akiwa mudogo alikuwa wa kugonjwa. Ilikuwa inamushika ku mifupa, mara mikono, mara miguu, anavimba vidole sawa amepigwa na mulango. Macho yake ilikuwa na manjano kidogo yenye haikutoka. Akiwa na miaka ine tulimupeleka ku lopitali, wakamutia damu, wakatuambia turudie kipimo kingine kisha wiki mbili. Alipona, hatukurudia. Papa yake, Kalenga, anafanya kazi ya kulinda ku barrage ya umeme ya Nzilo, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mi njo nilikuwa na batoto. Kwa hiyo wakati nasema hatukurudia, ni mi sikurudia.

Mangaribi moja ya mwezi wa ine tulikuwa tatu ku nyuma ya nyumba. Mi nilikuwa nachambua mboga ya lengalenga, kaye iko ku magoti. Marlène alikuwa anapepea mbabula ya makaa.

— Drépanocytose, nikasoma.

Ndaya akanyoosha shingo. — Maladie héréditaire du sang, où les globules rouges prennent la forme d'une faucille.

— Endelea.

— La crise est favorisée par le froid, l'infection, l'effort et la... la déshy...

— Tss.

— La déshydra... Mama, hii neno iko na mifupa.

— Yaya, ulimi yako inatembea na fimbo? Marlène akamuuliza.

— Nyamaza, we wa troisième primaire.

— Dé-shy-dra-ta-tion, Marlène akasema, akainua kipepeo ya moto juu sawa padri na kitabu. Kisha akapiga ulimi yake kwangu, «tss», sawasawa na yangu, mpaka nikacheka.

— Ona, nikamwambia Ndaya. Mudogo wako anakupita.

— Ananipita juu hana examen.

Nilimufanya arudie ile neno mara kumi. Mu ukurasa yote njo yenye ilikuwa inamushinda, na mi niliipenda, juu ilikuwa ndefu na niliweza kuisoma yote bila kukwama.

Kisha Ndaya akamutuma mudogo wake kwa mama Hawa, jirani yetu wa lupango ya pili, kiwanja ya kando yetu, kuomba chumvi. Chumvi tulikuwa nayo. Marlène alipotoka, Ndaya alikaa chini karibu yangu, kitu chenye hakuwa anafanya wakati wa kuresite.

— Mama, prof alichora ku tableau. Alichora damu ya mutu muzima, mviringo. Kisha akachora ingine, sawa mundu ya kukatia majani. Ile ya mundu inakwama mu mishipa. Mikono inavimba, macho inakuwa manjano, mifupa inauma. Mama, ni Marlène.

Nikaendelea kuchambua.

— Mama, umenisikia?

— Nimekusikia. Na wewe unisikie. Mu familia yetu hatuite bugonjwa jina juu ya mutoto mwenye anapumua. Ukiiita, inaitika.

— Haiko kuita, ni biologie. Héréditaire ni kusema inatoka kwa papa na mama, mutoto anazaliwa nayo.

— Kwa mama?

— Kwa bote babili.

— Unataka kusema ni mi nilimupa mutoto wangu bugonjwa.

— Mama, sisemi vile.

— Biologie yako iko mu kaye, Ndaya. Uiache mu kaye. Unatafuta paka njia tu ya kukimbia ile neno.

Ndaya akasimama, akarudisha mikono nyuma, akasema ukurasa yote kutoka juu mpaka chini, bila kukosa, na ile neno ndefu ndani. Nikamwambia: — Unaona? Inawezekana.

Ile njo siku yenye nilikuwa na mulango wazi mbele yangu. Niliufunga na mukono yangu mwenyewe, na niliogopa kitu kidogo sana: bandugu ba Kalenga basiseme damu yangu ni mubaya.

Mwezi wa sita Ndaya alienda ku maquis. Hapa kwetu batoto banaita vile nyumba yenye finalistes banalala pamoja, banasoma mpaka siku ya examen. Beye balikuwa banalala kwa Rachelle, rafiki yake, upande wa mujini. Nilimufungia bunga, mafuta na blanketi. Marlène alimusindikiza mpaka ku barabara, akamupigia ulimi kwa mbali.

Wiki ya pili baridi ilishuka. Munajua baridi ya Kolwezi mu ile mwezi, vumbi nyekundu inakaa mu pua na asubui hata mikono ya mutu mukubwa inakataa kufunguka. Marlène alirudi kutoka ku masomo akitembea sawa mumama muzee. Mangaribi mikono yake ilikuwa imevimba. Nilimupa paracetamol, nikamupaka mafuta ya moto. Siku ya pili, miguu. Siku ya tatu alikuwa analia bila sauti, anafungua tu kinywa.

Nilimuita Kalenga ku simu.

— Umupeleke ku lopitali, mama Ndaya.

— Lopitali tulienda mara ngapi? Wanamutia sérum, wanaandika paracetamol, tunarudi.

— Mi niko huku. Wewe njo unamuona. Fanya yenye unaona.

Nikafanya yenye niliona. Niliita pasta Polycarpe, wa chumba ya maombi yenye iko nyuma ya soko. Mi nilibatizwa Katolika, lakini mama mwenye mutoto anaumwa anapiga ku kila mulango. Pasta alikuja na shati yake safi, akakaa, akashika vidole vya Marlène moja moja. Hakuwa mutu mubaya. Sitaki mutu asome hii na kufikiri alikuwa mwizi, hakuniomba kitu.

— Hii inamushikaka wakati gani? akauliza.

— Kila baridi, pasta.

— Unaona. Bugonjwa ya lopitali haijue kalenda. Hii inajua. Inarudi siku zake sawa mutu mwenye anadai. Tutafunga siku tatu, kavu.

Kavu ni kusema bila chakula na bila maji. Mi nilishafunga vile mara mingi, kwa kazi ya Kalenga, kwa masomo ya Ndaya. Nilijua kichwa inauma siku ya pili, kisha mwili inakuwa mwepesi.

— Mi nitafunga, nikasema. Na mutoto?

— Vita ni yake, mama. Wewe utamusaidia, lakini hautapigana ku fasi yake.

Marlène alikuwa anasikiliza. Akauliza: — Hata chai?

— Hata chai, maman.

— Na nikimeza mate?

Pasta akacheka, akamushika kichwa. — Mate ni yako. Umeze.

Tulianza mangaribi ya ile siku. Kesho yake, saa sita ya muchana, aliniomba maji. Nikamwambia avumilie. Akaomba tena ya kusukutua kinywa. Nililowesha kitambaa, nikamupanguza midomo, na yeye akanyonya ile kitambaa mpaka nikaivuta. Mangaribi pasta alikuja akaomba kwa nguvu. Marlène aliitika «amina» mara mbili, kisha akalala.

Asubui ya pili hakuomba tena. Mi, mama yake, nilifurahi. Nilisema mu roho: amepata nguvu.

Mama Hawa alimuona wakati nilimutoa nje ku jua. Ni muislamu, bwana yake Rachid anasafirisha mizigo na kamyo yake mpaka Kasaji. Alisimama ku lupango na ndoo yake ku mukono.

— Mama Ndaya, mutoto ana nini? Midomo imepasuka.

— Tuko ku maombi.

— Maombi ni muzuri. Umupe maji.

— Tunafunga, mama Hawa. Hata benyewe munafunga.

— Tunafunga, lakini mutoto hafunge. Na mugonjwa hafunge, hata awe mukubwa. Mungu mwenyewe alisema apewe ruhusa. Wako anakataa?

Nikamwambia kila mutu na kanisa yake. Aliweka ndoo chini, akangoja kidogo, akaenda.

Kisha muchana, Ndaya aliingia. Alikuja kutafuta carte yake ya mwanafunzi na blouse nyeupe ya examen. Alikuwa anaongea tangu ku mulango: — Mama, huku maquis banakula sawa nzige, ile bunga ilishakwi... Akaona kitanda.

Alipiga magoti. Akavuta ngozi ya mukono ya mudogo wake na vidole viwili, akaiachilia. Ngozi ilibaki imesimama.

— Alikunywa maji lini?

— Juzi mangaribi.

Akaamuka, akaenda ku bidon, akajaza kikombe. Mi nikamushika mukono.

— Ndaya, tumebakisha siku moja. Usimuharibie.

— Mama, uniachie.

— Siku moja tu. Pasta alisema.

Maji ilikuwa inamwangika ku miguu yetu. Ndaya hakupiga kelele. Aliniangalia sawa vile ningekuwa mi mwanafunzi.

— Mama, sema ile ukurasa.

— Ukurasa gani?

— Unaijua kunipita. Drépanocytose. Sema.

Sijui juu ya nini nilitii. Kinywa ilianza peke yake. Maladie héréditaire du sang. Les globules rouges. La crise est favorisée par le froid, l'infection, l'effort et la déshydratation. Nilisema yote. Sikukosa hata moja.

— Ile neno ya mwisho inasema nini?

— Sijui.

— Ni mwili kukosa maji. Mama, ni kukosa maji njo inamuua.

Nikaachilia mukono yake.

Tulimutia maji na kijiko, ikarudi kando ya kinywa. Mama Hawa alishaita Rachid, hakungoja tumuombe. Tulipanda mbele mu kamyo, Ndaya kando yangu, Marlène juu ya magoti yangu. Njiani, karibu na carrière ya madini, Marlène alifungua macho. Ilikuwa manjano sawa ndimu iliyoiva.

— Yaya, examen ilishapita?

— Bado, Ndaya akasema. Bado wiki mbili.

— Basi urudie.

Ku lopitali munganga alikuwa kijana, anaitwa Tshilombo. Walitafuta mushipa muda mrefu, walipata ku muguu. Walichukua damu ya kupima, wakarudi na karatasi. Alitusimamisha ku couloir, inje ya chumba, mi na Ndaya.

— Hii haiko ya jana, mama. Alizaliwa nayo. Wewe ulimupa nusu, papa yake nusu, na benyewe hamukujua juu muko bazima. Haiko kosa ya mutu. Lakini mutoto sawa huyu anatakiwa maji kupita mutoto mwingine, kila siku, na baridi njo inazidi. Hakuna mutu alishawaambia hii bugonjwa?

Ndaya aliniangalia.

— Hapana, nikasema. Hakuna.

Munganga akaandika. Ndaya akaangalia chini.

Walitafuta damu ya kumuongezea. Kalenga alipata pikipiki kutoka Nzilo, alifika kesho yake saa tatu ya asubui. Marlène alikuwa ameenda saa moja, mbele damu ifike. Papa yake alimukuta tayari amefunikwa, na kikwembe changu cha kujifunga.

Kilio kilikaa siku tatu mu lupango yetu. Bandugu balitoka Likasi na Kasaji. Pasta Polycarpe alikuja siku ya kwanza, alikaa mwisho wa mbao akilia kabisa, hakuna mutu alimusemesha. Siku ya pili, banaume wakikaa ku moto, Ezéchiel, mudogo wa bwana yangu, alimuita Ndaya. Ni mutu mwenye ulimi.

— Wewe mwenye unasoma biologie. Munganga alisema ni damu. Hamusomake damu kule?

— Tunasoma, papa Ezéchiel.

— Hii yenyewe mulisoma?

— Tulisoma.

— Basi. Miaka sita tunalipa masomo, mutoto anakaa na bugonjwa mu kaye na mudogo wake mu kitanda, hazikutane. Hii ni masomo ao ni mapambo?

Mutu moja alicheka na pua. Kalenga aliinua uso.

— Ndaya, akasema. Ulijua?

Nilikuwa hatua tatu, nashika sufuria ya chai. Mutu mwenye mutoto wake anaulizwa vile, angeweza kuweka sufuria chini na kusema. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na pumzi. Nikafikiri: nitasema kesho, bandugu bakienda.

— Sikuelewa, papa, Ndaya akasema. Nilikuwa nashika paka maneno tu.

Na alisema bila kuniangalia, ili mutu asifuate macho yake.

Kesho bandugu balienda, na sikusema. Kalenga alirudi Nzilo. Kuanzia ile siku akiita ku simu anauliza juu ya maji, juu ya courant ya umeme, juu yangu. Juu ya Ndaya hakuuliza. Ndaya alienda ku examen akiwa na blouse nyeupe na kitambaa cheusi ku mukono, siku ine, asubui na mapema, peke yake kwa miguu. Sikumusikiliza hata ukurasa moja. Hakuniletea kaye na sikuiomba.

Matokeo ilitoka mwezi wa nane, ku simu, sawa siku hizi. Kwetu finaliste akipita, banamumwangia poudre nyeupe kichwa mpaka miguu, banaimba naye mu barabara. Tangu muchana Kapata yote ilikuwa kelele, batoto beupe sawa bunga banakimbia. Kalenga alikuwa amepata ruhusa ya siku ine, alikuwa amekaa ku kiti mu chumba ya kukaribisha. Ndaya aliingia na simu ku mukono.

— Papa, nimepita.

Kalenga hakuinuka. — Biologie ulipata ngapi?

— Haionyeshe kila somo, papa. Inaonyesha yote pamoja.

— Ulipata yote, bila shaka. Yenye ilikuwa ku karatasi ulijua yote.

Mama Hawa alikuwa amesimama ku mulango na boîte ya poudre, kifuniko tayari wazi. Alisikia. Hakujua kama aingie ao arudi.

Mi nikasema. Sikuwa nimepanga. Nilimuita «Kalenga», jina yake tu, kitu chenye sijafanya mbele ya mutu tangu tulioana.

— Kalenga, mutoto aliniambia. Mwezi wa ine, hapa nyuma. Aliniambia jina ya bugonjwa na alama zake, na kwenye inatoka. Nilimufunga kinywa. Kisha alileta kikombe ya maji, mi nikamushika mukono. Na munganga aliniuliza, nikasema hakuna mutu alituambia.

Inje batoto balikuwa banapita na wimbo.

— Mama, haikuwa lazima, Ndaya akasema.

— Ilikuwa lazima siku ya kilio, nikamwambia.

Kalenga aliangalia Ndaya, si mi. — Juu ya nini ulijibebesha?

— Ningesema nini, papa? Ningekosa mudogo na mama mu wiki moja.

Akainuka, akamushika Ndaya bega. Kisha akaingia mu chumba, akatia nguo zake mu saki, akaenda kutafuta gari ya Nzilo. Alikuwa amebakisha siku tatu za ruhusa. Ndaya alichukua boîte ku mukono ya mama Hawa, akasema asante, akafunga kifuniko.

Kalenga bado anatuma yenye anatuma, na mara moja kwa mwezi anakuja, analala, anaamuka, ananiambia asubui njema. Sijui kama tutarudi vile tulikuwa. Pasta nilimuona ku soko, aliniambia tangu ile mwezi yeye hafungishe tena mutoto yeyote bila maji. Nilimujibu muzuri.

Ndaya ameingia ku masomo ya infirmières, ya bauguzi. Alipima damu yake mbele ya kuandikwa, ni sawa yangu na ya papa yake: muzima, lakini anabeba nusu. Aliniambia mwenyewe, kwa Kiswahili, na akangoja nimurudishie ili aone kama nimeelewa. Siku mwanaume atakuja kumuomba, ataanza na kumutuma ku kipimo. Na wewe mwenye unasoma hii, ufanye vile na batoto bako, mbele muongee juu ya mahari.

Maneno mapya ile masomo iko nayo mingi, ndefu kupita zile za kwanza. Kaye haniletee. Mangaribi anapita ku lupango, anaenda kuresitia kwa mama Hawa. Mama Hawa anajua herufi za Kiarabu, za Kifaransa hata moja hapana, kwa hiyo hashike kaye. Anakaa tu na kahawa yake, na kila neno anamukatisha. «Ngoja, hii ni nini?» Ndaya anaeleza. «Na hii ingine? Sema sawa unaambia mutoto.» Inachukua saa mbili ukurasa moja. Mi niko huku upande yangu, nazima radio ili nisikie jibu.